Marudio

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekubaliwa na watu wengi kwa muda mrefu hata imekuwa kama sheria ya soko, na sheria ya sanaa pia. Maana yake ni kwamba kitu chenye thamani hakihitaji mpiga debe. Macho yatakiona, masikio yatakisikia, na mikono itakinunua. Lakini ndani ya methali hiyo imejificha hukumu ya pili: kilichokaa bila kununuliwa, kikasahauliwa, kikafunikwa na vumbi, hakikuwa kizuri. Hukumu hiyo ni nyepesi kutamkwa, bali ni nzito kwa mtu ambaye kazi yake imetupwa. Haifai kupokelewa kabla ya kupimwa. Yapo mambo mawili yanayoweza kuipima, nayo kwa mtazamo wa kwanza hayana undugu: la kwanza ni mchanga wa dhahabu wa Geita, na la pili ni santuri za dansi na disko zilizopuuzwa zilipotoka, kisha zikatafutwa kwa hamu baada ya miaka mingi.

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa Geita, kama vile Rwamagasa na Nyarugusu, na katika yale ya upande wa Shinyanga na Kahama, liko neno la zamani lililopewa kazi mpya. Neno hilo ni marudio. Mawe yakitolewa katika duara hupondwa, kisha husagwa kwa karasha mpaka yakawa unga. Unga huo hupelekwa mwaloni ukaoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama na kutandikwa kitambaa. Dhahabu ni nzito, basi hunaswa na kitambaa. Hutiwa zebaki ili ishikamane nayo. Zebaki huchomwa kwa moto ikatoweka hewani, na dhahabu hubaki. Mchanga uliokwisha kuoshwa hulundikwa kando. Lundo hilo ndilo marudio. Ulikuwapo wakati lilipohesabiwa kuwa takataka, lakini sivyo lilivyo. Zebaki hushika sehemu tu ya dhahabu, na mara nyingi sehemu hiyo haifikii hata nusu. Mwenye mtaji huja na matangi na sianidi, akauloweka mchanga uleule, akapata humo dhahabu ambayo mwoshaji wa kwanza aliipitisha mikononi mwake bila kuiona.

Jambo hili lina upande wake wa pili. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, hutenga mawe ambayo mtambo wake hauoni faida kuyasaga. Wenyeji huyaita magwangala, na wamekuwa wakidai wapewe wayaponde wenyewe, kwa kuwa kilicho hasara kwa mtambo mkubwa chaweza kuwa riziki kwa nyundo ndogo. Basi mwenye chombo kidogo huacha dhahabu kwa ajili ya mwenye chombo kikubwa, na mwenye chombo kikubwa huacha dhahabu kwa ajili ya mwenye chombo kidogo. Hapana chombo kinachotoa yote. Hukumu kwamba mchanga fulani ni mtupu haielezi hali ya mchanga peke yake. Hueleza pia uwezo wa chombo kilichouosha, gharama ya siku ile, na haraka ya mwoshaji.

Kanuni hiyo yaweza kupelekwa katika muziki. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul huko Marekani iliuza wimbo wa kundi la Double Exposure uitwao Ten Percent katika santuri pana ya inchi 12. Mtu aliyeitwa Walter Gibbons, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga santuri katika kumbi za dansi, alikuwa ameuchukua wimbo huo uliokuwa mfupi akaurefusha. Aliziacha ngoma zipige peke yake, sauti zikaondoka na kurudi. Tangu hapo desturi ya kutoa matoleo mbalimbali ya wimbo mmoja ilienea: toleo fupi la redio, toleo refu la kuchezea, toleo lisilo na mwimbaji. Mengi ya matoleo hayo yalitengenezwa kwa haraka, yakachezwa kwa majuma machache, yakasahauliwa. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa mpira wa Comiskey Park mjini Chicago, santuri za disko zilirundikwa uwanjani zikalipuliwa kwa baruti mbele ya umati ulioshangilia. Haikupita miaka mingi ila kampuni kubwa zilikuwa zimekwisha kuukimbia muziki huo. Hukumu ilikuwa imetolewa, na ilionekana ni ya mwisho.

Lakini katika mji uleule wa Chicago, katika ukumbi ulioitwa Warehouse, Frankie Knuckles aliendelea kuzipiga santuri hizo zilizotupwa, akizikata na kuziunga upya ili zichezeke usiku kucha. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa muziki uitwao hausi, ambao baadaye ulienea duniani. Lundo la Comiskey Park lilikuwa marudio. Waliolilipua walikuwa na chombo chao. Mwingine alikuja na chombo chake, akapata mali.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na malundo yake. Santuri ndogo iliyouzwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ilibeba dakika chache tu kila upande, na wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko nafasi hiyo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulichukua maneno na kisa. Upande wa pili ulichukua sebene, yaani magitaa na miguu ya wachezaji. Redio ilipenda upande wa kwanza, ukumbi ulipenda upande wa pili. Msikilizaji wa redio na mchezaji wa ukumbini waliweza kuapa kwamba wanaujua wimbo mmoja, na kila mmoja alijua nusu yake.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza. Zilizotaka santuri zilitegemea Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa mpaka mwaka 1983, njia hiyo ilikuwa nyembamba sana. Basi nyimbo nyingi za bendi za bara, kama Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Shinyanga Jazz, ziliishi maisha mawili au matatu: ziliishi ukumbini bila kurekodiwa, ziliishi katika kanda za redio, na baadhi yake ziliishi katika santuri iliyoimbwa tena mbali na nyumbani, pengine kwa mwendo mwingine na pengine kwa ala pungufu. Dola nayo ilikuwa na chombo chake cha kuchuja. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi kwa nchi iliyotoka katika utawala wa kigeni miaka minane tu kabla yake. Lakini chombo ni chombo, na kila kilichopita chini yake kilikwenda kwenye lundo.

Malundo hayo sasa yamepata waoshaji wapya. Kundi la Sunburst, lililokuwa likipiga muziki wa vijana Dar es Salaam, lilirekodi santuri ya Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976, na kwa miaka arobaini santuri hiyo ilijulikana na wachache. Mwaka 2016 kampuni ya Strut iliitoa upya pamoja na rekodi nyingine za kundi hilo za kuanzia mwaka 1973. Kampuni za Ulaya zimefanya hivyo kwa muziki wa Kenya, Kongo, Ethiopia na nchi nyingine. Santuri iliyouzwa zamani kwa shilingi chache hununuliwa na wakusanyaji kwa bei ambayo aliyeipiga gitaa hakuipata kwa mwaka mzima.

Hapa ndipo swali la haki linapoanza, nalo ni swali linalojulikana sana Geita. Mtu aliyeteremka katika duara, aliyebeba jiwe mgongoni na kuhatarisha maisha yake, hupata sehemu yake katika dhahabu ya kuosha kwa mara ya kwanza. Mara nyingi mchanga hubaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo. Mwenye matangi akija kuvuna sehemu iliyo kubwa zaidi, mchimbaji amekwisha kwenda katika duara jingine, na hana habari. Hakuibiwa kwa panga wala kwa hila. Amepitwa na maarifa tu. Je, anadai kitu? Na mpiga gitaa ambaye upande wake wa pili umegunduliwa katika duka la vitu vikuukuu huko London, anadai nini kwa aliyeugundua?

Mgunduzi ana hoja zake, na si haki kuzidharau. Asema kwamba alizunguka, alinunua, alisafisha, alisikiliza mia zisizofaa ili kupata moja ifaayo; kwamba bila yeye kitu kile kingekuwa plastiki iliyopinda kwa jua; kwamba wenyewe walikuwa wamekitupa. Methali iko upande wake: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Hapana shaka kazi yake ni kazi, na kazi inastahili ujira. Atakayesema kwamba mgunduzi hastahili kitu atakuwa amewaambia watu wote waache malundo yaoze.

Lakini hoja hiyo ina mwisho wake. Mwenye matangi hakuitia dhahabu katika mchanga; aliikuta. Sianidi hutoa kilichomo, haiumbi kisichokuwamo. Na kitu kilichotupwa na soko si lazima kiwe kimetupwa na mwenyewe. Mchimbaji aliuacha mchanga kwa sababu hakuwa na chombo, wala hakuuacha kwa sababu alitaka kumpa mtu zawadi. Mpiga gitaa hali kadhalika aliinyamazia kazi yake kwa sababu mpaka ulifungwa, au studio ilikuwa moja, au kampuni ilivunjika. Kunyamaza kwa mtu asiye na njia ya kusema hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni ridhaa.

Mfano wa Solomon Linda unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Aliimba Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki yake kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962, na huku matoleo mengine ya wimbo huo yalikuwa yakiimbwa dunia nzima na kuzaa fedha nyingi. Jamaa zake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006. Wengi waliojipatia mali katika wimbo ule hawakumjua Linda, na pengine hawakumtakia mabaya. Hilo ndilo linalotisha: dhuluma ilikamilika bila ya kuhitaji mtu mwovu. Ilihitaji tu watu wengi wema ambao hawakuuliza.

Wako watakaosema kwamba toleo jipya ni kitu kipya, kwa hiyo halina deni kwa la kwanza. Boney M., kundi la disko lililokuwa na makao yake Ujerumani, lilirekodi Malaika mwaka 1981, na mwaka 1983 likarekodi Jambo, wimbo uliotokana na ule wa Them Mushrooms wa Mombasa. Malaika yenyewe ilirekodiwa na Fadhili William wa Kenya zaidi ya mara moja, ikapelekwa mbali na Miriam Makeba, na utunzi wake umedaiwa na watu kadhaa, akiwamo Adam Salim wa Tanzania. Lipi basi ni Malaika ya kweli? Swali hilo likishikwa vibaya humwangusha mtu katika mashimo mawili. Shimo la kwanza ni kusema kwamba toleo la kwanza peke yake ni halali na mengine ni uharibifu. Shimo la pili ni kusema kwamba kwa kuwa matoleo ni mengi, wimbo ni wa kila mtu, na kilicho cha kila mtu hakina wa kulipwa.

Desturi za Wasukuma huonyesha njia inayopita kati ya mashimo hayo. Baada ya mavuno vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, kila kimoja upande wake, na hakimu ni watazamaji wenyewe: anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Aliyeshindwa hurudi nyumbani, huzigeuza nyimbo zake, huongeza na kupunguza, na msimu mwingine hurudi uwanjani. Hukumu ya umati ni ya kweli, lakini ni ya siku ile. Wala wimbo uliobadilishwa hauhesabiwi kuwa umeharibika, kwa kuwa uhai wake umo katika kubadilika. Pamoja na hayo watu hujua ni nani aliyeutunga na ni chama gani kilichouleta. Hapo pana jambo la kushika: uhuru wa matoleo hauvunji heshima ya jina. Wimbo waweza kuwa na miili mingi na bado ukawa na wazazi.

Kwa hiyo aoshaye marudio ya sanaa ana madeni matatu. Deni la kwanza ni jina. Amtafute mtunzi, mwimbaji na mpigaji, akiwa hai au amekufa, naye aandike jina kamili mahali pa kulisoma. Deni la pili ni sehemu. Si lazima iwe nusu wala robo. Lakini iwe sehemu iliyokubaliwa na mtu anayejua thamani ya kitu anachokikubalia, maana makubaliano ya mjinga na mjuzi ni mtego. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sheria yasaidia. Lakini sheria humlinda anayejua kwamba ana cha kulindwa, na mzee wa bendi aliye kijijini hajui kwamba upande wake wa pili unachezwa leo Berlin. Kumpa habari ni sehemu ya malipo.

Deni la tatu husahauliwa na wengi, hata na wema. Ni kuacha lundo wazi. Mgunduzi wa leo naye ana chombo chake, na chombo hicho nacho huacha kitu nyuma. Wakusanyaji wa Ulaya aghalabu huchagua santuri inayofanana na muziki wanaoujua: yenye gitaa la kukwaruza, yenye ngoma za disko, yenye maneno machache au ya Kiingereza. Wimbo wa taratibu unaobeba kisa kirefu kwa Kiswahili au Kisukuma huupita mkono wao. Hawana kosa kwa kupenda wanachokipenda. Kosa huanza wanapofunga mlango wa ghala wakasema kwamba kilichokuwamo kimekwisha. Hugh Tracey alirekodi nyimbo nyingi Afrika Mashariki, akipita Tanganyika na Kenya mwaka 1950, na rekodi zake zikahifadhiwa Afrika Kusini. Chombo chake kilikuwa na mipaka yake, kwa kuwa aliipenda ngoma ya asili na kuishuku ya mjini. Lakini zilihifadhiwa, zikaandikwa, na katika miaka ya 2010 baadhi zilirudishwa Kenya kwa jamaa za walioziimba. Frank Gunderson naye alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika miaka ya 1990, akazichapisha kitabuni mwaka 2010 pamoja na maneno yake, hata msomaji wa Shinyanga aweza kumsahihisha. Kumwachia mwingine nafasi ya kusahihisha ni adabu ya kweli ya maarifa.

Aweza mtu kuuliza kwamba faida yote hii ni ya nini, ikiwa wimbo wenyewe ni wa kuchezea tu, na disko ni pumbao la usiku mmoja. Jibu ni kwamba hapana mwenye mizani ya kupima mapema ni pumbao lipi litakuwa kumbukumbu. Kijana wa Nyarugusu anayechezesha muziki machimboni usiku, akiunganisha wimbo wa zamani na ngoma za kompyuta, anafanya kazi ileile aliyoifanya Gibbons, na pengine kazi yake itatupwa kesho. Kama kipimo ni soko la kesho asubuhi, atahukumiwa kuwa si kitu, na atajihukumu mwenyewe hivyo. Hasara hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Aliyepuuzwa na watu aweza kuinuka tena. Lakini aliyeshawishika kwamba alistahili kupuuzwa hatahifadhi hata nakala moja ya kazi yake, na siku mwoshaji atakapokuja hatakuta lundo la kuosha.

Methali basi haikosi ukweli, ila inataka nyongeza: kizuri chajiuza kwa mwenye macho, na macho hayaji yote siku moja. Kwa sababu hiyo anayehukumu kazi ya mwenzake yampasa ahukumu kwa kiasi, na anayegundua yampasa agundue kwa haki. Mchanga waweza kungoja: dhahabu haiozi, na marudio ya miaka hamsini huoshwa kama ya jana. Lakini kanda za sumaku huchakaa, na watu waliozipiga ni wazee. Kati ya madeni matatu yaliyotajwa, la sehemu laweza kulipwa hata kwa wajukuu, na la ghala laweza kulipwa wakati wowote ghala likiwapo. La jina lina muda wake. Hulipwa wakati yuko mtu wa kusikiliza toleo lililosahauliwa, akaonyesha kwa kidole, na kusema ni nani aliyepiga gitaa lile la pili.